Kuku wa Tatu wa Mzee Athumani

Nasimulia huku nimefunika uso, na mtakaocheka chekeni tu, maana Katoro nzima imeshacheka. Mimi ni afisa ustawi wa jamii; mtoto akifikishwa mahakamani naenda kwao, napima kama ni hatari kumwacha nyumbani, kisha namshauri hakimu: abaki chini ya uangalizi, au apelekwe shule ya maadilisho, mbali na kwao.

Shija, miaka kumi na tano, alishtakiwa kuiba kuku watatu wa Mzee Athumani, fundi baiskeli. Wawili walipatikana, wa tatu Shija akasema alitoroka. Siku moja kabla ya kesi nikaenda kwao, nikamkuta bibi anayemlea, uwanja umefagiliwa, mtoto anachota maji bila kutumwa, nikajaza fomu kwa raha zangu: hatari ndogo. Naaga tu, bibi akaniletea kuku jike, miguu imefungwa kamba.

"Mgeni haondoki mikono mitupu, mayo," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Kazini zawadi ni marufuku, najua, lakini ukikataa kuku wa bibi wa Kisukuma umemdharau yeye na ukoo wake (na kusema kweli nilishaanza kuwaza mchuzi), nikapokea. Shija akanikimbilia. "Madam, huyo usimchukue!"

"Kwa nini?"

Akamtazama bibi, akainamisha kichwa. Basi mimi mtaalamu nikafungua fomu tena, nikaongeza: mtoto ni mchoyo.

Nikamtia kuku kwenye mkoba wa mafaili, miguu nje, nikapanda bodaboda hadi sokoni kununua nyanya, na hapo nikamwona Mzee Athumani, tena nikamwita mwenyewe. "Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Hebu Afisa, nione huo mguu." Kidole cha kati kilikuwa kimekatwa ncha, alama yake. "Huyu ni wangu!"

Watu wakajaa. "Kumbe afisa ndiye anayewatuma watoto!" Nikasindikizwa hadi polisi, mimi, kuku na nyanya zangu.

Kesho yake mahakamani kuku aliwekwa mezani kama kielelezo, juu ya faili langu, na niliposimama kujieleza akatetea, akataga yai juu ya fomu. Hakimu alijikaza asicheke, akashindwa. "Afisa, hapo umeandika hatari ni ya nani?"

Shija akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, Madam hana kosa. Bibi naye hajui, nilimdanganya nimempata kwa kibarua. Nilimkataza Madam, ila mbele ya bibi nilishindwa kusema." Akaanza kulia.

Aibu ya sokoni ikawa si kitu. Mtoto huyu anajitia hatiani kuniokoa, nami nimemwandika mchoyo! Nikaondoa yai, nikakata lile neno mbele ya wote, nikaomba abaki kwa bibi yake. Hakimu akakubali, ila Shija amjengee Mzee Athumani banda la kuku, "na Afisa ashike misumari."

Nimeishika, Jumamosi baada ya Jumamosi, wapita njia wakiniita Afisa Kuku. Nimeapa: mtoto akiniambia usichukue, naketi chini namsikiliza mpaka amalize, fomu baadaye. Juzi bibi kaja bandani na kapu la viazi vya kuchemsha, nikamtazama Shija kwanza.

"Hivyo kula, Madam," akasema. "Nimelima mwenyewe."