Tundu la Tatu

Mwaka ule bei ya shaba ilipoanguka, yadi za wakandarasi wa migodi pembezoni mwa Lubumbashi zilimwagwa nje kama nyumba ya marehemu, ndugu zake wanapoingia kugawana vitu. Kila asubuhi lori lilipita mbele ya lango letu na kitu kilichong'olewa mahali: jenereta isiyo na magurudumu, kabini ya kreni, vitanda vya chuma vya kambi. Kaka yangu mkubwa alikuwa msimamizi wa karakana katika mojawapo ya kampuni hizo hadi ilipofungwa, na kabla lango halijatiwa kufuli alinunua humo kichwa cha kusagia vichaka. Lilikuwa sanduku zito la chuma, wazi upande wa chini, na ndani yake gogo la chuma lililojaa meno. Kifaa hicho hufungwa kwenye mkono wa mashine ya kuchimba, mahali pa ndoo. Mafuta yanayosukumwa na pampu ya mashine hulizungusha gogo, na kichaka hugeuka makapi palepale kiliposimama.

Alikinunua kwa ajili ya mama mdogo. Mama huyo alikuwa amekimbia kwake Mitwaba, kaskazini mwa mji, ambako watu wenye silaha walikuwa wakichoma vijiji, akafika kwangu na wajukuu wake wawili na godoro moja. Alilala sebuleni bila kulalamika, ila kila jioni alisimama uani akitazama mawingu. Marehemu baba alituachia shamba kwenye barabara ya Kasenga. Tulikuwa tumelitelekeza kwa miaka mingi. Wachoma makaa walikata miti yake, na visiki vilichipua upya hadi pakawa msitu wa fimbo, mnene kiasi kwamba hata mbuzi hakupita. Mama mdogo alitaka kupanda mahindi pale mvua za kwanza zitakaponyesha. Akipanda, angebaki. Asipopanda, alituambia waziwazi, angerudi kwake kulima. Kila mtu nyumbani alijua kurudi Mitwaba mwaka ule kulikuwa na maana gani.

"Usijichokeshe na panga, mama mudogo," kaka alimwambia. "Tunaleta mashine. Siku mbili tatu, inaisha."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

"Basi mi naanza. Ikikuja, itanikuta."

Akawa anaondoka alfajiri, kitambaa kimefungwa kichwani, anarudi mikono imechubuka.

Kaka alikodi mini-pelle, kama tunavyoita hapa mashine ndogo ya kuchimba, kutoka kwa mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini ambaye ujenzi wake ulikuwa umesimama. Akamleta fundi wa mtaa wa Kamalondo, mwanamume mcheshi aliyevaa ovaroli ya kampuni iliyokufa zamani. Wakaanza kuoanisha kichwa na mashine.

Sisi watu wa mji huu tumelelewa na mabaki ya migodi. Geti la shule niliyofundishia kemia lilitengenezwa kwa reli. Jiko la mama yetu lilikuwa kipande cha bomba la kiwandani. Kwetu, kitu kikikubali kuning'inia kwenye kingine, tunasema vimefaana. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi, na la mwisho, lilihusu pini, vyuma vya kushikilia kichwa kwenye mkono wa mashine. Masikio ya kile kichwa yalikuwa mapana kuliko mkono wa mashine. Akachomelea vipande vya bomba, akapiga nyundo, akapaka grisi. Kichwa kikaning'inia. Kaka akampa mkono.

Mimi niliona matundu matatu ya mafuta ubavuni mwa kichwa, na mipira miwili tu ya kupitishia mafuta mkononi mwa fundi.

"Na hili dogo la tatu ni la nini?" nilimwuliza.

"Hilo haina kazi, mama. Hii mini-pelle ilikuwa inabeba marteau, nyundo ya kuvunja mawe. Marteau iko na mipira mbili: moja inaingiza mafuta, moja inarudisha. Hii nayo ni bile bile."

"Waliolitoboa walikuwa na sababu."

"Bazungu banapenda kutoboa-toboa." Aliziba lile tundu kwa bolti, akalikaza. "Mashine ilivunja mawe ya mgodi, mama. Itashindwa na majani?"

Kaka alicheka. Nilichoka kabla hata injini haijawashwa.

Ilipowashwa, gogo lilizunguka kwa mlio uliotufanya tuzibe masikio. Kichaka cha kwanza kilipotea, kisha cha pili, na mama mdogo, aliyeegemea panga lake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Mashine ilikuwa imesafisha eneo dogo tu wakati mlio ulipobadilika na mafuta yakaruka kutoka ncha ya gogo, yakamwagikia majani. Sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje kwenye mota ya gogo, ilikuwa imepasuka.

Kupata sili katika mji ambao maduka yake yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine kulikula siku ambazo hatukuwa nazo. Ilipopatikana, fundi akaifunga, akaikaza tena bolti yake, na ikapasuka tena. Akasema sili ni feki.

"Yaya, lile tundu," nilimwambia kaka; kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

"Wewe fundisha banafunzi bako. Mi nilisimamia karakana."

"Basi mwulize mtu aliyekiendesha hicho kichwa."

Alikataa kwa sababu aliona aibu, kisha mawingu yakamlazimisha. Alimpigia simu mwenzake wa zamani, aliyekuwa amehamia Kolwezi, akaiweka kwa sauti ya juu ili fundi naye asikie.

"Na ule mupira mwembamba mumeuweka wapi?" yule mtu aliuliza.

"Upi?"

"Ule unarudisha mafuta ya ndani ya mota kwenye tangi, pole pole, bila presha. Marteau haina. Hii iko nao." Fundi akaitaja bolti yake. "Mumeziba? Eh! Sasa mulitaka mafuta yatokee wapi?" Alicheka hadi akakohoa. Halafu akauliza: "Mashine yenyewe iko ya tani ngapi?"

Kaka akamwambia. Kicheko kikakatika.

"Ndugu yangu, kile kichwa kilikuwa cha pelle kubwa zaidi ya mara mbili. Pampu yako ndogo haiwezi kukishibisha."

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyeliuliza yadini: pampu hutoa mafuta kiasi gani, na gogo linahitaji kiasi gani. Tulikuwa tumepima pini kwa milimita, tukaacha kupima nguvu.

Waliweka mpira wa tatu, na sili mpya ikatulia. Lakini gogo lilizunguka kama mtu anayeamka na homa. Likikuta shina nene kuliko kifundo cha mkono wangu, lilisimama. Ilibidi kuliinua, kungoja lipate mwendo, kulishusha tena. Kati ya kichaka na kichaka ungeweza kusali Salamu Maria nzima. Mkono uliponyooshwa mbali, mashine yote iliinama mbele na minyororo inayotembelea ikanyanyuka kwa nyuma. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa hatujafika hata kwenye kichuguu kilicho katikati ya shamba. Sehemu aliyofyeka mama mdogo kwa panga ilitosha matuta machache ya viazi vitamu.

Nilimsindikiza hadi kituo cha malori yaendayo Mitwaba. Watoto alikuwa amewaacha kwangu.

"Ngoja kidogo, mama mudogo. Wiki ijayo tutakuwa tumepita kichuguu."

"Wiki ijayo bantu bote bamekwisha panda. Mahindi haingoje mipira yenu."

"Huko kuna vita."

"Vita iko, mutoto wangu. Na udongo iko. Hapa niko nakula tu chakula chako." Alishika bega langu, akapanda juu ya mifuko ya chumvi, akajifunika turubai.

Kaka hakuwepo kumuaga. Alikuwa shambani na fundi, wakipima kama pampu ya mashine nyingine ingeweza kuchomelewa mahali pa ile yetu.