Msalaba Mweusi na Msalaba wa Taa

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar sikupewa bunduki. Sajenti wa kikosi alinipa kitambaa laini na darubini ya kulengea, ile inayofungwa juu ya bunduki, akaniambia nisugue kioo mpaka aone uso wake ndani. Nilikuwa nimetoka Lorugum na cheti changu cha darasa la nane, na nilikuwa mwoga wa kuongea mbele ya watu. Nilisugua mpaka mchana bila kusema neno.

"Kijana wa Lorugum," Sajenti akasema, "wewe siku ukikohoa tutachinja mbuzi."

Wenzangu walicheka. Mimi nikaendelea kusugua.

Nawaeleza vijana mnaoingia kazi hii leo, kwa sababu mnaniuliza sana habari za darubini. Miaka hiyo ya tisini, kama sasa, kuwinda kwa kujifurahisha kulikuwa kumepigwa marufuku nchini. Sisi askari wa wanyamapori tuliwinda mnyama mmoja tu kwa wakati, yule aliyekwisha kudhuru watu: mamba wa mto Turkwel, au fisi aliyezoea kuja manyattani, kwenye maboma ya wafugaji. Na wanyama hao ni nadra kuwapata mchana. Wanatoka wakati giza na mwanga vinagawana. Ndiyo sababu jambo la msalaba lilikuwa kubwa kwetu.

Ukichungulia ndani ya darubini unaona mistari miwili myembamba inayokatana katikati. Sisi tuliiita msalaba. Pale inapokatana ndipo risasi inapokwenda, kama bunduki imepimwa vizuri. Darubini zetu za kwanza zilikuwa na msalaba mweusi tu. Mchana hakuna kitu kizuri kuliko huo. Hauna betri, hauharibiki kwa joto, na mchanga wa Turkana hauna pa kuingia.

Nilijua ubaya wake nilipopelekwa Katilu. Kulikuwa na mamba aliyekuwa akiwanyakua watu waliokwenda kuteka maji karibu na mashamba. Nililala kifudifudi kando ya mto kabla jua halijatoka. Akapanda juu ya mchanga chini ya miti, mweusi kama gogo lililoungua. Nikaweka msalaba juu yake, na msalaba ukapotea. Mistari myeusi juu ya ngozi nyeusi. Sikujua kama nalenga kichwa au mkia. Koplo aliyekuwa nami alingoja mlio, hakuusikia. Mamba akarudi majini taratibu, kama mtu aliyemaliza kuota jua. Ilituchukua muda mrefu kumpata tena, na kabla ya hapo alimchukua mzee mmoja.

Baada ya hapo Mkuu wa kituo alituletea darubini moja ya aina nyingine. Hii ilikuwa na betri ndogo bapa kama kifungo cha koti, na kitufe cha kuzungusha ubavuni. Ukikizungusha, katikati ya msalaba panawaka rangi nyekundu. Ukizidi kuzungusha, wekundu unazidi kuwa mkali. Ukizima, msalaba unabaki mweusi kama ule wa zamani. Wote tuliipenda siku hiyo hiyo. Mkuu peke yake hakuonyesha furaha. Alituambia kwamba taa ile inaangaza msalaba tu, haimwangazi mnyama. Tuliitikia "ndiyo, afande" kwa pamoja, na sidhani kama kuna aliyesikia.

Kisha tukaitwa Kakuma. Fisi alikuwa akizunguka kando ya kambi ya wakimbizi. Kwa sababu ya joto watu wengi walilala nje, na fisi huyo alikuwa amejifunza kuuma uso wa mtu aliyelala. Alikuwa amemjeruhi mwanamume mmoja kutoka kusini mwa Sudan, na baadaye akamuua msichana wa wenyeji. Watu wa kambi walisema fisi ni wa Waturkana, Waturkana wakasema amezoeshwa na takataka za kambi. Siku tunafika walikuwa wameanza kushikiana fimbo. Tusingempata haraka, watu wangeumizana kabla fisi hajarudi.

Darubini huwezi kuibadilisha porini. Ukiitoa lazima uipime bunduki upya. Kwa hiyo uchaguzi ulifanywa Lodwar, na Sajenti ndiye aliyeufanya. Alichagua ya taa. Nami ningechagua hiyo hiyo, kwa sababu ya yule mzee wa Katilu.

Tulifuata nyayo mpaka kwenye laga ya Tarach, mto usio na maji wakati wa kiangazi, pale watu wanapochimba mashimo ya maji mchangani. Chifu alikuwa amekataza mtu yeyote kufika huko jioni. Tukalala juu ya ukingo, mimi na bunduki, Sajenti kando yangu na darubini yake ya macho mawili. Aliniamuru niwashe taa mapema, jua likiwa bado halijazama, na kwa mwanga ule nililazimika kuiweka kali ili wekundu uonekane.

Giza likaanza kuingia. Ndani ya darubini ule wekundu ukakua. Mboni ya jicho hujifunga mbele ya mwanga, na nyuma ya msalaba wangu laga yote ikawa kama imemwagiwa wino. Sajenti akanigusa mguu. Kando ya shimo palikuwa na kitu. Niliona mabega yaliyoinuka na mgongo ulioteremka kwenda nyuma, umbo ambalo kila mtoto wa mfugaji analijua. Kilikuwa kinainama juu ya maji.

Nikaweka wekundu kwenye bega. Kidole kikawa kwenye kifyatulio.

"Zima," Sajenti akanong'ona.

Hapa nieleze. Katika kikosi chetu, kabla taa haijaja, "zima" ilikuwa amri ya kupiga risasi. Sajenti alipenda neno hilo kwa sababu ni fupi na halina kelele. Ilipokuja darubini ya taa, neno hilo hilo likawa pia la kuzima taa. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba maana hizo mbili zingekutana.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi kuuliza kulinishinda tangu utotoni. Nilitoa kidole kwenye kifyatulio, nikapeleka mkono kwenye kitufe, nikazungusha mpaka mwisho.

Wekundu ulikufa. Kwa muda sikuona chochote, na nilimsikia Sajenti akivuta pumzi kwa hasira. Kisha jicho likafunguka. Nikaona mchanga, kijivu. Nikaona mgongo uliokuwa ukiteremka, na ulikuwa vazi la ngozi ya mbuzi. Nikaona shanga shingoni, na mikono miwili ikipokea karai la maji kutoka shimoni.

"Ni mama," nikasema.

Sajenti aliinua darubini yake, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akasimama.

Tuliteremka. Mama yule alikuwa amepiga magoti kando ya shimo, na binti yake alikuwa ndani akimpitishia maji. Walitoka upande wa juu wa laga na hawakusikia katazo la chifu.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok noi," akajibu, kisha akaitazama bunduki. "Mbona mnajificha kama wezi wa mbuzi? Njooni mnishikie karai, mgongo unaniuma."

Tulimshikia. Njiani, tulipoona mioto ya kambi, Sajenti akasimama.

"Nilikuambia uzime," akasema.

"Nimezima, afande."

Kesho yake kabla ya chai Sajenti aliwakusanya askari wote na kusema kwamba kuanzia siku hiyo amri ya risasi ni "piga," na "zima" ni ya taa peke yake. Hakueleza sababu. Fisi tulimpata alfajiri nyingine, na nilimpiga kwa darubini ile ile, taa ikiwa imewashwa, lakini hafifu kabisa. Fimbo zikawekwa chini.

Sasa nimestaafu, nipo Lorugum na mbuzi wangu. Mkiniuliza ipi bora, nasema chukueni ya taa, muiweke chini kadiri jicho linavyoweza kuvumilia, na kwanza mjue kilicho mbele yenu taa ikiwa haijawaka. Huwa mnaniuliza pia nilijuaje kwamba yule ni mtu. Sikujua. Nilipewa neno moja lenye maana mbili, nikafuata ile ambayo ningeweza kuirekebisha kama nimekosea. Taa ningeiwasha tena.