Vibati Viwili

Mtaani tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa ni fundi cherehani. Tangu mkewe afariki amebaki mtu wa "ndiyo" na "hapana". Msibani mashemeji walimsemea kila kitu, hata kuwashukuru watu, naye akaona nafuu. Neno lenyewe, kwamba mke wake amekufa, halikuwahi kutoka kinywani mwake. Mteja akimuulizia mama, Sindano hujifanya anatafuta mkasi. Nasi majirani, mabingwa wa kupiga soga na watu wote isipokuwa mfiwa, tukamwacha hivyohivyo.

Jumapili moja akafunga kibanda, akaenda kwenye msitu wa hifadhi walikozoea kutembea wawili. Alitaka kitu kimoja tu: kukaa tena kwenye benchi lao juu ya bwawa, anywe chai. Ila getini pana sheria, tena ya maana, maana nyati wamo: haingii mtu kwa miguu peke yake. Kila anayeingia hupewa kibati chenye namba, na akitoka kinarudishwa kwenye msumari wake.

"Shikamoo mzee. Mama yuko wapi leo?" askari wa getini akamuuliza.

"Marahaba. Yuko chooni, anakuja. Nipe na chake."

Nyuma yake familia nzima ilikuwa inasukumana na vikapu na mpira, watoto wanapiga kelele. Askari akampa vibati viwili bila kuangalia.

Ndani kulikuwa na kivuli na ubaridi. Mbega wakaruka juu ya mti, na mkono wa Sindano ukainuka wenyewe kumwonyesha mtu asiyekuwapo. Kwenye benchi alikaa upande wake, akauacha ule wenye pa kuegemea. Akafungua mfuko: kumbe amebeba vikombe viwili. Jamani, mazoea nayo! Akavijaza chai vyote viwili, na kile cha pili kikapoa palepale. Upweke ulimbana, hata chake hakukimaliza.

Jioni akaweka vibati vyote mezani getini, akageuka aende zake.

"Ngoja, mzee. Mama je?"

"Si nimerudisha chake?"

"Mimi sitafuti kibati, natafuta mtu. Umemwacha wapi? Giza hilo linaingia!"

Askari alishawaita wenzake. Waliacha sahani zao, wakaja na tochi na bunduki, mmoja akiongea kwenye redio, mwingine akifunga kamba za viatu. Walikuwa wanakwenda kumtafuta kweli, kama mama yao.

Sindano akaishika meza. "Msiende," akasema. "Mke wangu amekufa. Alikufa kabla ya mvua. Humo hakuingia."

Tochi zikazimwa. Aliyekuwa anafunga viatu akabaki ameinama.

"Pole sana, mzee wangu," askari akasema. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akauliza taratibu: "Kwa hiyo kutwa nzima humo ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu," Sindano akajibu, na ndipo akaanza kulia.