Pikipiki Iliyokunywa Mingi

Jana hapa gereji kwangu Kakoba mteja aliniletea pikipiki inayogoma kuwaka injini ikiwa moto, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kambini Nakivale. Marehemu baba alikuwa akimkimbiza mdogo wangu kliniki kwa malaria, nami nyuma nimemshikilia, pikipiki ikatuzimikia njiani, pale Misiera. Baba alipiga kiki mpaka akalowa jasho. Petroli ilinuka kote.

"Imekunywa mingi," akasema.

Nilidhani imelewa, na mlevi hunyimwa pombe. Nikafunga koki ya petroli kimyakimya. Baba akazungusha mkono wa mafuta kwenye usukani hadi mwisho, akapiga kiki, ikanguruma.

"Ulifanya nini, weye?" akauliza alipoiona koki imefungwa.

"Niliinyima pombe, papa."

Leo najua kabureta ilikuwa imefurika petroli, na kufunga koki ndiko kulikoiacha ikauke. Siku ile nilijua tu kwamba baba alicheka hadi kliniki, na mdogo wangu, pamoja na homa yake, akacheka pia.