Timazi ya Thoya

Mume wangu Thoya ni mwashi hapa Takaungu, na tangu nimjue haliamini jicho lake. Huamini timazi tu: uzi wenye donge la risasi, yale madini mazito, ambao ukining'inizwa kando ya ukuta hukwambia kama umesimama wima. Mwalimu Phineas, mpangaji wetu kutoka bara, alimweleza kuwa Waingereza chombo hicho wamekiita kwa jina la risasi yenyewe, neno lililotoka kwa Warumi, na kitu kilichosimama sawasawa hukiita vivyo hivyo. Thoya alifurahi utadhani kasifiwa yeye.

"Si nalikwambia, mama Kache? Bila risasi hakuna wima."

Mwaka wa themanini na nne binti yetu Kache alirudi kwetu kujifungua, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama. Thoya alikuwa mbioni kumwongezea chumba ubavuni mwa nyumba. Haraka haraka haina baraka, lakini tumbo nalo halingoji. Katikati ya kazi, kaka yangu Gona akaiazima ile risasi akaitie kwenye mshipi wake wa kuvulia. Mume wangu, badala ya kungoja, akafunga kome tupu, gamba jepesi la baharini, kwenye uzi. Kome, jamani! Na upepo wa kusi wavuma.

Kache alijifungua salama katika chumba hicho kipya, mtoto wa kike. Gona aliporudisha risasi, Thoya aliipeleka chumbani kuujaribu ukuta wake, kisha akanijia jikoni.

"Mama Kache, ukuta umeinamia kitanda. Kome lilisukumwa na upepo, nami nikaufuata."

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na udongo kati ya mawe ulikuwa umelowa. Nilikimbilia chumbani, Thoya nyuma yangu, nikamkuta shangazi yake Thoya ameketi mlangoni akimlinda mzazi.

"Watoeni, shangazi. Ukuta ule si mzima," Thoya alisema.

"Kabla ya arobaini? Kwenye mvua? Mwataka kumuua mtoto kwa baridi? Na ukuta wa Thoya umeanguka lini?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ukuta ukisimama na mtoto akishikwa na homa, nitaficha wapi uso wangu? Hata hivyo nilimruka bibi wa watu, nikamfunika mtoto kwa kanga, Kache akanishika bega, tukatoka. Majirani walitutazama kama wendawazimu. Jikoni mtoto alilia.

Thoya alibaki chumbani na nyundo, shangazi akimfokea kutoka mlangoni. Kutoka jikoni nilimwona Thoya akizunguka nje ili aubomoe kuelekea ndani. Nyundo hakuinyanyua. Aliweka kiganja juu ya jiwe, akasukuma kidogo tu, kama mtu ajaribuye mlango.

Ukuta wote ukalala juu ya kitanda.

Shangazi akaivua kanga yake ya kichwani, akaja nayo jikoni kwenye mvua, akamfunika mtoto.