Sweta la Deo

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyoolewa, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Najikasirikia mimi mwenyewe, na namkasirikia shangazi yangu Felista, Mungu amlaze mahali pema. Kaa hapo, mwanangu, weka hiyo simu chini. Mimi nitaendelea kufuma huku naongea, maana mikono yangu ikikaa bure nikiwa na hasira, mdomo nao husema nisiyoyataka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tulikaa kule chini kwenye mashamba ya miwa, baba akifanya kazi kiwandani, na joto la kule unalijua. Sweta tuliliona kwa wageni tu. Darasa la saba nilikuwa nimemaliza, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa wa kuzurura na wenzangu kutwa nzima. Baba akachoka. Akasema mtoto asiye na kazi ya mikono ni mzigo kwao na huko atakakokwenda, akanipandisha Kibosho kwa dada yake nikajifunze kufuma.

Shangazi Felista alikuwa mjane, akiishi peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo wa marehemu mumewe, nyumba iko katikati ya migomba na kahawa. Hapakuwa na kochi la jirani lisilovaa vitambaa vyake. Mwezi wa saba, ukungu unapokaa mpaka saa nne asubuhi, watoto walikwenda shule na masweta ya mkono wake. Lakini usidhani alikuwa mtu mlaini. Ukiruka kitanzi hakusema neno, alikugonga kidole na sindano ya kufumia, na ile ya chuma, siyo ya plastiki.

Nyuzi mpya zilikuwa shida kupatikana siku zile. Kwa hiyo shangazi alishuka sokoni Moshi, akanunua masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko, tukayafumua. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza: kufumua kabla ya kufuma. Unatafuta mshono wa bega, unaukata kwa wembe polepole, unaipata ncha, unavuta. Uzi hutoka umejikunjakunja. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga, unaufua, unauanika umening'inizwa jiwe mpaka unyooke. Kazi hiyo niliiweza upesi. Kufuma ndiko kulikonishinda, na shangazi alikuwa akinitania kwamba baba yangu amemletea fundi wa kubomoa.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati. Aliniambia mara moja tu kilichokuwamo. Lilikuwa sweta la Deo, mtoto wake wa pekee, aliyefariki kwa surua akiwa na miaka minne na kuzikwa hapo hapo kihambani. Akaniambia pia kwamba sanduku lile halinihusu.

Kwa hiyo nilijua. Wazee wengi wakisimulia makosa yao ya ujana husema, "Sikujua, nilikuwa mtoto." Mimi nilijua.

Pasaka ilikuwa inakaribia, nami nilikuwa nimeshikwa na tamaa ya kofia nyekundu ya kwenda nayo nyumbani. Kofia ya sufu, kwenye joto lile! Ujana una wazimu wake. Uzi mwekundu haukuwapo nyumbani isipokuwa ule wa sanduku la bati, mwekundu kama buni iliyoiva. Shangazi alipokwenda msibani kwa jirani, nikaingia chumbani kwake nikalivuta sanduku.

Nilijiambia maiti hasikii baridi. Nikajiambia sweta dogo vile halitamfaa mtu tena. Nikajiambia siku moja nitamfumia shangazi kitu kizuri zaidi na atasahau. Halafu nikachukua wembe. Uzi ulitoka bila kukwama hata mara moja, maana aliyefuma alikuwa fundi, na mimi nilikuwa nikiimba. Ndizi nilizoinjika zilikuwa bado hazijaiva, sweta likawa limekwisha, vimebaki vifungo sakafuni.

Shangazi alirudi akiwa bado na khanga ya msiba kiunoni. Akasimama mlangoni, akautazama uzi kwenye mgongo wa kiti.

Nikasema, "Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Wewe ni mtoto wa huku, unajua maana ya mtu mzima kuachia shikamoo ikapita. Alipiga magoti, akaokota vifungo kimoja kimoja, akavishika kwenye kiganja.

"Vilikuwa vitano," akasema. "Hapa viko vinne."

Nilianza kutafuta uvunguni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Toka, Apolonia. Toka nyumbani kwangu kabla sijakuumiza." Nilitoka mbio, sikuchukua hata viatu, nikashuka mpaka kwa baba.

Baba aliponisikiliza alinichapa, kisha hasira yake ikapoa haraka. Akasema kosa moja haliachi mke, twende tukaombe radhi kwa isale. Nyinyi mnaiona isale mipakani na makaburini mkadhani ni ua tu. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani lake, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Watu waliomwaga damu wamesamehewa kwa jani hilo.

Basi nilifurahi. Kinachonikasirisha mpaka leo ni hiki, kwamba nilifurahi! Nilipanda Kibosho na baba Jumapili ile, jani mkononi, nikihesabu mambo yamekwisha. Njiani nilifikia hata kuwaza kama shangazi atanipa ule uzi nifume kofia yangu.

Shangazi alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akampikia baba mtori, baba akala, akashukuru, wakaongea habari za mvua na bei ya kahawa. Baba akaaga, akaniacha pale. Alipopotea kwenye migomba, shangazi akanigeukia.

"Isale nimeipokea kwa sababu ni isale. Ningeruhusiwa kuikataa ningeikataa. Baba yako ameshiba, amekwenda zake. Wewe umeniletea nini?"

"Nimeleta jani, shangazi."

"Jani liliota lenyewe mpakani. Kazi yako wewe iko wapi?"

Akaleta uzi wote mwekundu, akanitupia mapajani, pamoja na sindano mbili. "Mfumie Deo sweta lake. Lile lile. Kabla hujaniambia limekwisha, huli kwenye meza moja na mimi."

Mkono mtupu haulambwi, tunasema kila siku, lakini mimi siku ile ndipo nilipouelewa msemo huo. Nilifuma miezi mitano. Sikuwa najua kufuma zaidi ya kitambaa cha mraba, na sweta nililotakiwa kulifuma nilikuwa nimelibomoa bila hata kulitazama vizuri. Kielelezo kilikuwa kichwani kwa shangazi tu. Alikuwa akisimama nyuma yangu, mikono imejaa majani ya ng'ombe, ananiambia la kufanya.

"Kola ipanue. Alikuwa na kichwa kikubwa, cha babu yenu, lile la kwanza halikupita, alilia mpaka jirani akaja."

"Mkono wa kushoto uongeze mistari miwili. Alikuwa akiuvuta afutie makamasi."

"Hapo tumboni umebana. Alikuwa mlaji yule."

Nilifuma, akaja akapima kwa vidole, akavuta ncha, akafumua hadi kiunoni. Nilifuma tena. Nilipokosea mabega kwa mara ya nne nikalia kwa hasira, naye akanikasirikia kwa kulia. Nilimchukia, mwanangu. Nilikuwa nikiomba rozari huku nikiomba augue. Vidole vyangu vilivimba, na uzi wenyewe kwa kufumwa na kufumuliwa ukaanza kukonda sehemu fulani, ikabidi niuunge kwa mate na kuusokota, kama alivyonionyesha. Pasaka ilipita, sikwenda nyumbani.

Lakini sijui ni wiki ya ngapi, nilijikuta nafuma mkono wa kushoto na kuongeza ile mistari miwili kabla hajaniambia. Nikamwona yule mtoto akifuta pua. Sijawahi kukutana naye, alikufa kabla sijazaliwa, na nilimwona.

Likaisha mwezi wa tisa. Nilishona vifungo vinne, na cha tano nilikichonga mwenyewe kutoka kwenye kifuu cha nazi nilichookota sokoni. Nikampelekea nje, alikuwa akianua kahawa. Alinawa mikono kwanza. Akaligeuza ndani na nje, akapitisha vidole kwenye kila mshono, akalilaza kifuani kwake, akapima mabega kwa kiganja.

"Ni lenyewe," akasema.

Nilidhani sasa atanikumbatia. Badala yake alitoa wembe kwenye mfuko wa gauni lake, akakata mshono wa bega, akaipata ncha, akavuta.

Nilipiga kelele nikamrukia mikono. Alikuwa na nguvu za mtu wa jembe, akanizuia kwa kiwiko huku anaendelea kuvuta, mstari baada ya mstari, kola ikaenda, bega likaenda, mkono wa kushoto ukaenda na mistari yake miwili. Nilimtukana. Mimi, Apolonia, nilimtukana dada wa baba yangu, matusi ya kwenye miwa, mchana kweupe, majirani wanasikia. Alivuta mpaka uzi ukaisha na vifungo vitano vikabaki kwenye majani.

Kisha akaniuliza, "Umesikiaje?"

Nilijishika hapa, chini ya kifua.

"Hapo hapo," akasema. "Mimi ni hapo hapo."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga, na walisema kweli. Lakini siku ile nilionjeshwa kijiko kimoja cha uchungu huo, na kijiko kimoja kilinitosha. Tuliketi pale chini kwenye majani, wote wawili, hatukutazamana. Alianza kuuzungusha uzi kwenye mkono wake, na mimi bila kuambiwa nikainua mikono yangu auzungushie hapo, kama tulivyozoea.

"Tangu baba yake Deo afe," akasema, "nilikuwa peke yangu dunia nzima ninayejua mabega yake yalikuwa na upana gani. Nikifa ilikuwa basi. Sasa tuko wawili. Huu uzi chukua, ni wako, fuma unachotaka."

Je, alifanya vyema? Mwanangu, nimelifikiria hilo zaidi ya miaka hamsini, na bado nimemsamehe nusu. Mimi nisingelifumua. Mimi ningelirudisha kwenye sanduku. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mfiwa, na mimi ndiye niliyekuwa na wembe kwanza.

Sikuacha kufuma tangu mwaka ule. Nimefuma nikiwa mjamzito, nimefuma kahawa ilipoanguka bei na watu wakang'oa mibuni kwa hasira, nimefuma kwenye benchi la hospitali mume wangu akipumua kwa tabu ndani. Nyinyi mnacheka mkisema kufuma ni kazi ya mabibi waliokosa la kufanya. Chekeni. Siku mkono wako utakapotaka kumpiga mtu au kukupiga wewe mwenyewe, ndipo utakapojua thamani ya sindano mbili na uzi. Mimi zimeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia, na raha yake haijawahi kunichosha hata siku moja.

Sasa nakupa neno, na nalisema kwa hasira kwa sababu juzi nimekusikia. Umemkosea mwenzako, ukamtumia "samahani" kwenye simu na kile kikatuni kinacholia, ukaniambia, "Bibi, nimeshaomba msamaha, kama hataki shauri yake." Shauri yake! Umempa kitu ambacho hakikukugharimu hata jasho la kidole, halafu unamdai akusamehe. Nenda kwake. Ulichokibomoa, kaa chini ukijenge, hata kama unajua hakitarudi kilivyokuwa. Muulize mwenyewe kilikuwaje, umsikilize kila anachokueleza, na akikifumua mbele yako usikimbie. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Na kabla hujavuta ncha ya kitu cha mtu, kiwe nguo, kiwe ndoa, kiwe jina lake, uliza kwanza nani alikifuma na alikuwa akimfumia nani.

Nimemaliza, hasira imepungua kidogo. Sogea nikuwekee mkono kichwani. Ruwa, Mungu wa wazee wetu na wa kwako, akupe vidole vyepesi na macho ya kuona mshono hadi uzeeni. Akupe watu wa kukukasirikia wasikuache. Na akupe mtu wa kumfumia, uyajue mabega yake bila kipimo.