Gari la Zimamoto na Nati Niliyoificha

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila king'ora kinapopita barabarani hapa Ruiru. Wapangaji wangu hutoka nje kutazama gari linaelekea wapi. Mimi hubaki nimesimama na kikombe mkononi, nikisikiliza kama injini inavuta vizuri. Mvi zimeingia lakini sikio la fundi bado ninalo, na leo nataka kukueleza habari ya Jumapili ile.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi katika kiwanda cha nguo kule Thika. Fundi wa chuma, si mshonaji. Watu wengi hukosea hapo wakiniona. Tulikuwa mafundi tisa na mwanamke nilikuwa peke yangu. Mwezi wa kwanza walinituma chai. Mwezi wa pili wakanituma chai. Mwezi wa tatu nilichomelea geti lililokuwa limewashinda wote, na kesho yake asubuhi mmoja wao akanikabidhi birika tena. Nakwambia haya mapema ili uelewe nilikuwa na moyo wa namna gani siku zile. Sijitetei.

Kiwanda kilikuwa na gari lake la zimamoto, kuukuu, jekundu lililopauka. Dereva wake alikuwa Mzee Wafula, aliyekuja kutoka Bungoma akiwa kijana na kuzeekea Makongeni, kwenye laini ya vyumba vya wafanyakazi nyuma ya kiwanda. Gari hilo lilikaa limejaa maji usiku na mchana, kwa sababu huwezi kuanza kujaza tangi wakati nyumba inaungua. Sasa piga picha uzito wake. Na banda lake lilijengwa bondeni, karibu na kisima cha kiwanda, kwa hiyo ili litoke lilipaswa kupanda mteremko wa simiti hadi getini. Kutoka mahali liliposimama, likiwa na mzigo ule, lilikuwa halina nguvu. Injini ilinguruma, klachi ikanuka, gari likarudi nyuma. Ilibidi wanaume kumi na wawili watoke kwenye mashine za kufuma waje kulisukuma, na ukishawakusanya wanaume kumi na wawili, dakika zako zimekwisha.

Likishafika juu lilikwenda bila taabu. Shida ilikuwa ni zile hatua za kwanza tu.

Mzee Wafula alikuwa na dawa yake ya wikendi. Kila Jumamosi mchana, kabla wafanyakazi hawajaondoka, aliwaita wale wasukumaji, wakalipandisha gari, akaliegesha juu karibu na geti hadi Jumatatu. Jumapili hakukuwa na mtu wa kusukuma, basi yeye alitangulia. Mimi nilimcheka. Nilimwambia Mzee, hilo gari unalipeleka kanisani?

Nikatengeneza mtambo. Hapo getini palikuwa na mnara wa chuma wa tangi la zamani, mrefu, hauna kazi. Nilichukua mapipa matatu, nikayajaza simiti na vyuma chakavu, nikayafunga pamoja na kuyaning'iniza juu ya mnara. Waya wa chuma ulitoka kwenye mapipa, ukapita juu ya magurudumu mawili madogo, ukashuka mteremko hadi kwenye kulabu mbele ya gari. Ukichomoa pini, mapipa yanashuka, waya unavuta, na gari linapanda huku injini ikisaidiwa badala ya kusumbuka. Likifika juu waya unalegea na kulabu inaanguka yenyewe. Baadaye watu wanne wanayapandisha mapipa kwa winchi, taratibu, tayari kwa siku nyingine. Hakuna umeme wala petroli. Ni uzito unaovuta uzito.

Siku ya majaribio gari lilitoka bandani kama mtu aliyeitwa chakula. Meneja alipiga makofi. Wale mafundi wanane walisimama mikono mifukoni, na nikwambie ukweli, mwanangu, raha niliyoipata siku ile sijaipata tena hata siku ya harusi yangu. Mtambo ulikuwa mzuri. Hata leo nikipewa mapipa na waya nitautengeneza vilevile, isipokuwa kitu kimoja.

Pini ile iliyoshikilia mapipa ilifungwa kwa nati ya kawaida, ya spana ishirini na nne. Spana kama hiyo ilikuwa kwenye kila sanduku la vifaa pale kiwandani. Mimi nikatengeneza kifuniko cha bati zito, nikakifunga juu ya nati, nikaacha tundu dogo tu. Kisha nikafua mkono wangu wa chuma, mrefu, wenye kichwa kinachoingia kwenye tundu hilo na kushika nati iliyojificha ndani. Bila mkono ule usingejua hata kilichomo. Meneja alipouliza, nilimwambia ni usalama, watu wasije wakauchezea. Akakubali, maana ilisikika vizuri.

Haikuwa usalama. Nilitaka wanihitaji. Niliona kwamba siku wote watakapojua kuufungua, mimi nitarudi kwenye birika. Mkono ule nikautia mfukoni mwa ovaroli, na nikienda nyumbani nikautia kwenye mkoba. Nilikuwa nimenunua simu, zile za kwanza nzito, nikaandika namba yangu kwa chokaa kwenye kibanda cha mlinzi, tarakimu kubwa.

Mzee Wafula aliniomba nimfundishe. Mara ya kwanza nilimwambia kesho. Mara ya pili nikamwambia ni mambo ya ufundi, yatamchosha bure. Mara ya tatu alinikuta nakula, akavua kofia kabisa, akauliza siku usipokuwepo itakuwaje. Nikamjibu kwamba nitakuwepo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata meneja akamkataza kuliegesha gari juu, kwa sababu lilikuwa linaziba geti na sasa mtambo upo. Mzee akaliacha bandani.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, binamu yangu alikuwa na ruracio huku Ruiru. Wazee walikuwa sebuleni wakizungumza mahari na sisi wanawake tulikuwa tunapakua mukimo. Mkoba wangu ulikuwa chumbani, umefunikwa na makoti ya wageni, na simu ndani yake. Nilipoingia kuchukua leso ndipo nikaisikia ikilia. Ilikuwa imeshalia mara saba.

Nikasikia sauti ya Mzee Wafula, akipiga kutoka simu ya getini.

"Nyambura, kuna moto huku kwa laini. Ule mkono wa mtambo uko wapi?"

Nilikuwa nautazama. Ulikuwa pale kwenye mkoba, kando ya poda na Biblia.

"Niko nao, Mzee. Niko Ruiru."

Nyuma yake nilisikia watu wakiitana.

"Tumejaribu kusukuma. Tuko sita. Imerudi nyuma, karibu ifinye mtu. Sasa hii gari itatoka aje?"

Mwanangu, hapa ndipo sipendi kufika, lakini lazima nipite. Nilisita. Nilifikiri, nikimwambia angoje, nitafika, nitautoa mkono wangu mkobani mbele ya watu wote na kulitoa gari. Nikimwambia ukweli, kila mtu atajua hapakuwa na siri yoyote. Nilivuta pumzi mbili, labda tatu. Wewe utasema ni muda mfupi. Mimi nimeishi nao miaka yote hii.

"Mzee, chukua nyundo. Piga hicho kifuniko kitoke. Chini yake kuna nati ya kawaida. Spana ya ishirini na nne."

"Ya kawaida?"

"Ndiyo, Mzee. Ya kawaida."

Simu ikakatika.

Mjomba alinipeleka Thika kwa pikapu yake, mimi na nguo zangu za sherehe. Tulipofika gari lilikuwa limeshatoka, maji yalikuwa yanamwagika kila mahali, na moto ulikuwa umezimika. Mtambo ulikuwa umefanya kazi yake dakika ileile alipofungua nati. Lakini ilikuwa imepita karibu nusu saa tangu stovu ya mafuta ya taa ilipopinduka. Vyumba vinne havikuwepo tena. Hakuna aliyekufa, nashukuru Mungu hadi leo. Ila Mama Akinyi, mwanamke kutoka Siaya aliyekuwa anakagua vitambaa pale kiwandani, aliona gari haliji, akaingia chumba cha jirani kumtoa mtoto aliyekuwa amelala. Mlango ulikuwa wa bati na komeo la chuma. Alilishika lile komeo kwa mikono miwili mpaka likafunguka.

Mtoto alitoka mzima. Mikono ya Mama Akinyi haikurudi kuwa ile. Kazi ya kukagua vitambaa ni ya ncha za vidole, kuhisi uzi uliokatika, na ncha hizo ndizo zilizoungua.

Nilimkuta Mzee Wafula ameketi kwenye ngazi ya gari, suruali imelowa hadi magotini. Nilitarajia anitukane. Ningemshukuru kama angenitukana.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema. "Sikutaka kukunyang'anya kazi, mwanangu. Nilitaka tu kujua vile gari inatoka."

Akanyanyuka akaenda kukunja mipira ya maji. Nililia pale, na viatu vyangu virefu kwenye matope, na sikuona haya kulia.

Jumatatu nilikwenda kwa meneja kabla hajaniita. Nilimwambia habari ya kifuniko na kwa nini nilikiweka. Alinisimamisha kazi mwezi mzima bila mshahara, na ilikuwa haki. Niliporudi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumfundisha kila mtu: walinzi, wapishi, makarani, wafumaji wa zamu zote mbili. Nilifunga spana kwa mnyororo kando ya pini na kuchora picha ukutani kwa rangi, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Mzee Wafula alikuwa wa kwanza kuufungua, na alinifanya nimtazame mara tano. Akarudia pia dawa yake ya Jumamosi. Safari hii meneja hakumkataza na mimi sikumcheka.

Na unajua nini? Hakuna aliyenirudisha kwenye birika. Walipojua mtambo unavyofanya kazi ndipo walipoanza kuja kwangu na mambo mengine, hii imekwama, ile inavuja, hebu njoo utazame. Hofu yangu ilikuwa imenidanganya tangu mwanzo. Nilikaa pale hadi kiwanda kilipofungwa, nikaondoka na jina zuri.

Kwa Mama Akinyi nilikwenda mwenyewe, wiki ile ile ya moto. Alikuwa amehamia kwa dada yake, mikono imefungwa bandeji nyeupe. Nikamweleza yote, hata zile pumzi tatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilimngoja aseme amenisamehe, au aniambie nitoke.

"Umenieleza, nimesikia," akasema. "Jumamosi ukuje unisuke. Siwezi kushika kitana."

Nikaenda Jumamosi. Nikaenda na Jumamosi iliyofuata. Mimi nilikuwa hodari wa chuma, si wa nywele, na mara za kwanza nilimsuka vibaya hadi dada yake akacheka. Nilimsuka miaka kumi na mmoja. Alinifundisha kunyoosha mistari, akinielekeza kwa maneno kwa sababu vidole havikuweza, na hakunificha lolote alilolijua. Neno la kunisamehe hakulitamka hata mara moja, na mimi sikuliomba. Alipofariki, dada yake aliniita nije nimsuke mara ya mwisho, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote maishani mwangu.

Basi sikia, mwanangu, yeyote unayenisikiliza, wewe uliye Juja chuoni unachora mitambo kwenye kompyuta, na wewe uliye kwenye gereji ya Mwihoko una mafuta hadi viwikoni. Ukijua kitu, kifundishe. Ukitengeneza kitu cha kuokoa watu, kitengeneze hivi kwamba mlinzi, mpishi au mgeni aliye karibu aweze kukitumia wewe ukiwa mbali, ukiwa mgonjwa, ukiwa umelala. Najua wapo watakaokudharau, na najua inavyouma, kwa hiyo sikwambii uwe mnyonge. Dai jina lako. Dai malipo yako. Simama mbele ya meneja useme hii ni kazi yangu. Lakini usijilinde kwa kumfunga mwingine macho, maana huwezi kuchagua ni nani atakayekuwa mlangoni siku hiyo. Mzee akikuuliza swali mara moja, mjibu mara hiyo hiyo. Na ukishakosea, nenda kwa uliyemkosea kwa miguu yako, umweleze yote, kisha ufanye atakachokuagiza hata kama ni kidogo na hukijui.

Mungu akupe akili ya kutengeneza na moyo wa kuonyesha. Akupe watu wa kukuuliza maswali, na akupe subira ya kuwajibu. Kazi ya mikono yako isimame imara mikononi mwa wengine, na asiwepo mtu yeyote, popote, atakayeungua akikungoja.